Jiwe la Kichwani pa Sabaha

Mtu akikuambia kesi hii si yako, wewe huna kosa lolote, tunataka msaada wako tu, basi anza kufunga mizigo. Mimi niliambiwa hivyo na mwanamume aliyevaa tai, uani kwangu, ameketi kwenye kiti changu, anakunywa maji ya mtungi wangu. Aliniambia kwa upole sana. Mpaka leo nikimsikia mtu anazungumza kwa upole wa namna ile, natafuta kamba ya kufungia mizigo.

Jina langu ni Swaumu, ila kijijini hakuna anayelitumia. Mimi ni Mama Sabaha, na mume wangu Yasini ni Baba Sabaha, ingawa Sabaha mwenyewe hatunaye tangu mwaka wa mvua za El Nino. Baada yake tumejaliwa wengine wawili, lakini kwetu jina la mzazi hukaa kwa mtoto wa kwanza, awepo asiwepo. Kijiji chetu kiko upande wa Ruponda, chini ya kilima cha Namichembe. Ukipanda kilima unaanza na mikorosho, ukiimaliza mikorosho unakuta makaburi, na juu ya makaburi ni msitu na mawe.

Mwaka tisini na sita walikuja Wazungu wawili na mashine ya kuchoronga. Walipanda nayo kilimani, wakatoboa huku na huku, na kutoka ndani ya ardhi yakawa yanatolewa mawe ya ajabu: marefu, mviringo, laini, unene wa mchi wa kinu. Tukayaita miche, kama mtu anavyosema mche wa sabuni. Wenyewe waliyapaka namba kwa rangi nyekundu, wakayapanga kwenye visanduku vya mbao, na visanduku wakavijaza kwenye ghala la zamani la ushirika walilolikodi. Yasini wakamwajiri awe mlinzi wa ghala.

Kabla ya korosho za mwaka wa pili kuokotwa, Wazungu wale walikosana. Hakuna aliyejua wanagombania nini. Tuliona tu kwamba kila mmoja anakula kwenye hema lake. Mmoja akaondoka na gari lake, wa pili akafuata na lake. Huyo wa pili alimwambia Yasini, "Linda vizuri, tutarudi."

Sasa mume wangu ni mtu wa aina yake. Ukimwachia kuku akuangalizie, ukirudi mwakani utamkuta kuku na vifaranga vyake. Alilinda ghala lile hata wenyewe waliposahau. Alilinda mabomba ya chuma, mapipa ya mafuta, mabati, mbao, na turubai moja ambalo nililimezea mate miaka yote nisipewe hata kipande. Lakini mawe hakuyalinda. Ungemuuliza, angekushangaa. Nani analinda mawe, chini ya kilima cha mawe?

Mvua za El Nino zilipokuja zilibomoa kila kitu. Daraja likaenda, barabara ya Nachingwea ikawa mto, na Sabaha akapata homa. Alikuwa na miaka mitano, anasema sana kuliko mimi, na mimi nasema. Yasini alimbeba mgongoni akafika naye kwenye maji, akasimama hapo na wanaume wengine wenye wagonjwa wao, wote wanatazama ng'ambo. Alirudi naye ameshanyamaza.

Wakamzika kilimani. Kwetu mwanamke haendi makaburini siku ya maziko, hivyo nilibaki ndani na wanawake wenzangu, nikayasikia majembe kwa mbali. Ardhi ya pale ina mchwa wabaya. Ukisimika mti kichwani pa kaburi, mwaka hauishi umeliwa. Mawe ya juu juu nayo yameoza, ukiyashika yanabomoka. Na mwaka ule maji yalikuwa yanayafuta makaburi mapya mpaka watu hawajui nani amelala wapi. Yasini hakulikubali hilo. Alikwenda ghalani, akachagua mche mzito kuliko yote, akaupandisha kilimani, akausimika kichwani pa mwanawe.

Hakuiba. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu baadaye kuna mtu aliliandika neno hilo kwenye karatasi. Kwake yeye lilikuwa jiwe zuri ndani ya ghala lenye mali za watu, na mali za watu hakuzigusa. Watu walipoliona wakaja kumwomba, naye akawapa. Mmoja akachukua la kuegeshea mlango, mwingine la kusagia tumbaku. Jirani yangu Josephina, Mmakonde, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita ya Msumbiji, alichukua la kubangulia korosho.

Jiwe la Sabaha halikuwa kama hayo mengine. Nilipoanza kwenda kumzuru, mvua mbili tatu zilikuwa zimelipitia, na lilikuwa linatoa kutu. Maji mekundu yalishuka taratibu mpaka kwenye udongo wa kaburi, yakakauka hapo. Nililisugua kwa majani, likatoa tena. Nilimwambia Yasini sitaki kuliona jiwe linalotoa damu juu ya mtoto wangu, akasema ni chuma tu, kila chuma hutoa kutu.

"Chuma kimefuata nini ndani ya jiwe?" nikamuuliza.

"Na mimi nitajuaje?" alisema.

Nikalizoea. Kusema kweli nilikuja kulipenda, kwa sababu hata nyasi zikipanda juu ya kichwa, mimi nililijua kwa mbali kwa wekundu wake.

Gari jeupe lilikuja mwaka elfu mbili na tatu, limetokea Mtwara kwa njia ya Nanganga na Ruangwa, vumbi tupu. Walishuka watatu: mtendaji wetu wa kijiji, ambaye alikuwa anatoka jasho, mwanamume mwenye tai, wakili, anaitwa Silvanus, na kijana mwembamba wa kuitwa Linus, mtaalamu wa miamba. Yasini aliona amepona. Alijua wenye mali wamewatuma watu wao. Aliwapeleka ghalani karibu mbio, akawaonyesha mabomba yote, mapipa yote, turubai limekunjwa vizuri.

Wakili Silvanus alitazama mabomba kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoijua. Kisha akauliza, "Na mawe?"

Walirudi uani kwetu kuzungumza. Ndipo wakili akakaa kwenye kiti changu na kunieleza, kwa sababu Yasini alikuwa ameshikwa na bumbuwazi. Wale Wazungu wawili walikuwa wabia. Sasa wanashtakiana kwao Australia. Mmoja anasema mwenzake aliona mali ndani ya mawe yale akanyamaza, kisha akamfanya amuuzie sehemu yake kwa bei ya kutupa. Mwenzake anasema hakuona kitu. Yeye Silvanus alikuwa upande wa yule aliyeuza. Mahakama ya Australia haiwezi kumwamuru mtu wa Ruponda, kwa hiyo imeandika kuiomba Mahakama Kuu ya kwetu, na Mahakama Kuu imekubali, imetoa amri: yeyote aliye na mawe yale ayatoe yote, na aeleze chini ya kiapo yalikaa wapi na nani aliyagusa.

"Wewe na mzee hamshtakiwi, mama," alisema. "Nyinyi ni watu wa tatu. Mna kitu kinachotakiwa, basi. Mkikitoa, sisi tunaondoka na nyinyi mnabaki na maisha yenu."

"Na tusipokitoa?"

Alitabasamu. "Kwa nini msikitoe, mama? Ni mawe."

Siku hiyo kijiji kilicheka. Mtendaji alipita nyumba kwa nyumba akikusanya mawe, na watu walikuja nayo wenyewe wakitania. La kuegeshea mlango likaja, la tumbaku likaja limekuwa jeusi. Josephina alileta la kwake limejaa mafuta ya korosho, akamkabidhi Linus kwa mikono miwili.

"Nwambie Nzungu wako," alisema, "jiwe lake limefanya kazi kuliko yeye."

Linus hakucheka. Alikuwa amepiga magoti ghalani, visanduku vimetandazwa mbele yake, anayapanga mawe kwa namba. Pale namba ilipofutika, alichukua ncha ya jiwe moja akaiingiza kwenye ncha ya jiwe jingine, anazungusha, mpaka zinashikana kama vigae vya chungu kimoja. Alimwagia maji kila jiwe, akalitazama kwa kioo. Mimi nilisimama mlangoni nikimtazama, na kicheko cha nje kikawa kinaniudhi. Niliona pengo kabla yeye hajalisema. Kwenye kisanduku cha mwisho, kati ya miche miwili, palikuwa na nafasi tupu ya urefu wa mkono.

"Umebaki mmoja," Linus alisema. "Wa karibu na mwisho wa shimo."

Wakili aliinama kutazama. Ule upole wake haukuondoka, ulizidi. "Huu ndio wenyewe," alisema. "Kesi yote iko hapa. Mzee Yasini, mche huu uko wapi?"

Mume wangu, ambaye katika ndoa yetu hajawahi kunidanganya hata kuhusu chumvi ya mboga, alitazama ukuta akasema, "Umepotea."

Nilitamani kucheka na kulia. Hata mtendaji alijua ni uongo.

Jioni ile nilimwambia awaambie ukweli. Alikataa. Alisema, "Mama Sabaha, hawa watu wana karatasi inayosema yote. Nikiwaambia liko kaburini, karatasi itapanda kaburini. Watakuja na majembe na kamera. Watakanyaga watu wote waliolala pale kwa sababu yangu."

"Ni jiwe moja, Baba Sabaha. Watalichukua waende."

"Umewahi kuona watu wa gari wakichukua kimoja wakaenda?"

Nikaepua chungu, nikawapakulia watoto.

Akaitwa Nachingwea mahakamani. Hakimu, kusema haki, alikuwa mtu mwema, alimbembeleza. Alimweleza kwamba Mahakama Kuu imemwagiza yeye amhoji, na kwamba hata akisema jiwe liko chini ya bahari, mradi aseme, atakwenda nyumbani. Yasini alisimama kizimbani na kanzu yake ya Ijumaa, kimya. Akaulizwa tena, kimya. Hakimu alivua miwani, akasema huko ni kuidharau mahakama, na atakaa mahabusu mpaka atakapokuwa tayari kusema. Nilisikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba huyu mzee lazima ameuza dhahabu.

Basi ndio ikawa habari ya mji. Sokoni Nachingwea waliniangalia kanga yangu kama wanatafuta dhahabu imeshonewa wapi. Kijijini wale wale waliocheka walianza kunipita bila kunisalimia, kwa sababu mtendaji alikuwa amewaambia kwamba mche usipopatikana nyumba zote zitapekuliwa. Mvua za kupandia zilikuwa zinakuja, shamba halijafyekwa, watoto wawili wananiuliza baba yuko wapi. Nikimpelekea chakula, namkuta anakohoa. Alikuwa na kifua tangu utoto, na sakafu ya pale ni saruji.

"Sema tu," nilimwambia kupitia nondo. "Nakuomba."

"Alinishika shingo mpaka kwenye maji," alisema. "Nilimwambia tutavuka. Nikamrudisha. Sasa nikamvue na jiwe?"

Nilirudi nyumbani nina hasira na kila mtu: na Wazungu wale wanaogombana huko kwao na kelele zao zinaanguka kwenye paa langu, na wakili na upole wake, na Yasini, na mtoto wangu pia, Mungu anisamehe, kwa kulala pale kimya wakati sisi tunateseka. Niliwaza usiku kucha. Nilijua kitu kimoja: yule aliyelala kilimani hawezi kufa tena, na yule wa sakafuni anaweza.

Kulipokucha nilimwambia Josephina anisindikize. Alikuja bila kuuliza. Aliposikia ninakwenda kufanya nini, alisimama njiani kwenye mikorosho.

"Mie siingii kwenye makaburi yenu," alisema. "Lakini nitasimama hapa, ntu asipite. Halafu, mama, nikwambie. Jiwe lile lilikuwa linalia tangu siku ya kwanza. Kitu kinacholia kina mwenyewe."

"Nyamaza, Josephina."

"Haya, nnanyamaza."

Niliomba ruhusa kwa Sabaha kwa sauti, kama mtu anayegonga mlango. Kisha nikachimba kwa mikono. Jiwe lilikuwa limeshikana na ardhi. Nilipolitikisa lilitoa mlio wa ndani, na udongo uliolizunguka ulikuwa mwekundu kuliko udongo wa Namichembe. Lilipong'oka lilinivuta nikaanguka nalo. Nililala pale kitambo, jiwe kifuani. Baadaye nikachukua mchi wangu wa kinu niliokuja nao, mgumu, wa mti wa mkongo, nikausimika penye shimo. Nilijua mchwa watauona. Nilisema utashika kwa muda.

Nilililowesha jiwe kisimani, nikaliosha, nikalifunga mgongoni kwa kanga kwa sababu lilikuwa zito na nililazimika kwenda nalo mpaka barabarani kungoja gari. Watu wakanisalimia. Mama mmoja wa kijiji cha pili aliniuliza mtoto anaumwa nini. Nikasema homa.

Mahakamani walikuwepo wakili na Linus, kwa kuwa ilikuwa siku ya Yasini kuulizwa tena. Linus alilipokea, akaupeleka mche mpaka kwenye kisanduku walichokuwa wamekuja nacho, akaingiza ncha ya juu kwenye mwenzake, akazungusha kidogo. Zikashikana. Akaingiza ya chini. Zikashikana. Alivuta pumzi kama mtu aliyefika nyumbani, na mimi nikamchukia kwa pumzi ile.

"Lilikuwa wapi, mama?" wakili aliuliza.

"Amri inasema tutoe. Nimetoa."

"Inasema pia mueleze lilikokuwa. Bila hivyo upande wa pili utasema tumelitengeneza."

Nikaapishwa kwa Msahafu. Nikasema lilikuwa kichwani pa mwanangu, kwenye makaburi ya Namichembe, juu ya mikorosho, tangu mwaka wa mvua kubwa. Karani aliacha kuandika. Linus akaondoa mikono yake kwenye jiwe. Wakili peke yake hakutikisika. Alisema pole sana, mama, halafu akamwambia karani aandike vizuri mahali makaburi yalipo, upande gani wa kilima, na mbali kiasi gani kutoka kwenye mashimo. Nilitaja yote. Nilitaka mume wangu.

"Tutalikata katikati kwa urefu," wakili aliniambia wakati wa kuondoka. "Nusu inakwenda Australia. Nusu nitakurudishia mwenyewe, nakuahidi."

Yasini aliachiwa siku ile ile. Tulipofika aliingia jikoni kunywa maji, akaona kinu hakina mchi. Alitazama kinu, akanitazama mimi, akakaa chini pale pale mlangoni.

"Ungeniacha," alisema. "Ungeniacha tu, Mama Sabaha."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mimi sikuolewa na kaburi. Ni maneno makali, na siyarudishi, kwa sababu kikohozi chake kilichukua msimu mzima kupona, na lau ningemwacha pale kwenye saruji ningekuwa nawazuru wawili.

Wakili Silvanus alitimiza ahadi. Ilichukua miaka miwili, lakini boksi lilikuja, limefungwa kwa uangalifu, na ndani yake nusu ya jiwe. Lilikuwa limepasuliwa kwa msumeno kutoka juu mpaka chini. Kwa nje lilikuwa jiwe letu lile lile la kutu. Kwa ndani, penye mkato, liling'aa lote, manjano ya sufuria mpya ya shaba, hata ukaweza kujiona kivuli cha uso. Watoto walilishangilia. Mimi nililishika nikasikia baridi mikononi. Nilikuwa nimelala na kuamka na jiwe lile miaka yote, na sikujua ndani yake kuna nini.

Yasini alilipandisha kilimani. Mchi ulikuwa umeliwa, umebaki ganda. Alilisimika jiwe, upande wa kung'aa ukitazama mashariki, na asubuhi jua likilipiga tuliliona kutoka uani. Nikadhani yamekwisha. Kwa mara ya kwanza tangu mahabusu, Yasini alinitania: alisema Sabaha amewashiwa taa.

Mwaka huu, elfu mbili na saba, baada ya kuvuna ufuta, nilikuta utepe mwekundu umefungwa kwenye mkorosho wangu. Mkorosho uliofuata nao ulikuwa na utepe. Niliufuata utepe mti kwa mti, nikipanda, mpaka makaburini. Palikuwa na vigingi vya mbao vimepigiliwa ardhini, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu na kuandikwa namba. Nilizitambua namba zile. Ni mwandiko ule ule wa kwenye miche.

Wiki ile alikuja msichana wa kampuni, Eva, mavazi safi, ana adabu. Alinipigia goti kunisalimia. Akakaa kwenye kiti changu, akaomba maji ya kunywa, na sauti yake ilipoanza nilimtambua, ingawa sijawahi kumwona.

"Mama, nyinyi hamna kosa lolote," alisema. "Tumekuja kuwaomba ushirikiano tu."

Kesi ya Australia ilikuwa imekwisha. Yule aliyedanganywa alikuwa ameshinda, amerudishiwa kilima, na sasa amepata watu wa kuchimba naye. Litakuwa shimo kubwa, la wazi, na litaanzia pale mali ilipo karibu na juu. Makaburi yatahamishwa kwa heshima, na shehe, na sanda mpya, kila familia iende ikaonyeshe la kwake.

Yasini alikuwa ameegemea ukuta. "Wamejuaje iko pale?" aliuliza.

Eva alifurahi kuulizwa. Alikuwa hajui anazungumza na nani. Naapa msichana yule alikuwa hajui. "Kuna sampuli moja ilipotea miaka mingi," alisema, "na ilipopatikana ndiyo iliyoamua kesi. Wanasema bila ile hakuna mtu angerudi huku. Na bahati nzuri kuna mama aliyeapa mahakamani akaeleza mahali vizuri kabisa, wataalamu wakaja kuhakikisha maneno yake, wakapima pale pale, wakakuta mwamba ule ule wa kwenye mashimo unapita chini ya makaburi."

Nilimtazama Yasini. Nilisubiri aseme. Nilitaka aseme; nilitaka anipige na maneno yale ya mlangoni, ungeniacha, nipate la kumjibu. Alitazama mikono yangu tu, kisha akatazama kilimani, ambako jua lilikuwa limeligonga lile jiwe.

"Lile jiwe la kaburi," Eva alisema, akifuata macho yake, "nitawaombea mbaki nalo. Kwa amri ya mahakama mawe yote ya kuchorongwa bado ni mali ya kampuni. Lakini nitawaombea."

Alipoondoka, Yasini aliingia ndani, akafungua sanduku. Alitoa koti lake la ulinzi, lile la wale Wazungu, limetobolewa na mende, na rungu. Alivaa koti akalifunga vifungo vyote. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kazini," alisema.

Yuko huko makaburini hadi leo. Shehe amepanda kumsihi, mtendaji amepanda kumtisha, Eva amepanda na barua. Anawasalimia wote, anawakaribisha kwenye kivuli, hashuki. Zamani alilinda mabomba akaacha mawe. Sasa anajua kinachotakiwa ni nini.

Jana madereva wa ufuta walituambia kwamba matingatinga yamelala Ruangwa, yamebebwa kwenye malori marefu, yanangoja barabara ipanuliwe. Mimi kila mchana nampelekea chakula. Namkuta ameketi kichwani pa mwanawe, ameegemea lile jiwe, na anaponyosha mikono kupokea bakuli, viganja vyake vyote ni vyekundu kwa kutu.